Nilichapwa kwa Kusema Sukari

Nilichapwa viboko vinne kwa kusema neno sukari, na neno lenyewe nililisema sawasawa. Watu wakiniuliza kwa nini mimi ni mkali hivi, huwa nawaambia waanzie hapo.

Nilikuwa darasa la tano, katika shule ya msingi iliyo ndani kidogo ya barabara ya Busia, ukishapita Kisian. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa kwetu, amezaliwa vijiji viwili tu kutoka nyumbani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kijaluo chetu hakina sauti ya sh. Mtoto wa kwetu anazaliwa, anakua, anatumwa ziwani kuteka maji, na siku zote hizo hajaihitaji hata mara moja. Kiswahili kikimfikia anakisema kwa ulimi alionao. Shamba linakuwa samba, shida inakuwa sida, na mwalimu anaamkiwa sikamoo. Mimi sioni dhambi hapo. Wageni wanaharibu majina yetu kila siku na hakuna anayewapandisha juu ya dawati.

Mwalimu yule alikuwa ameenda chuo akarudi na sh. Alirudi nayo kama mtu aliyenunua redio mpya mjini, akaifungulia sauti mpaka mwisho. Aliitia kila mahali. Alisema shamaki. Alisema shababu, shahani, shiku ya Jumatatu. Sisi tungejuaje? Tulidhani hicho ndicho Kiswahili chenyewe, kile cha watu waliosoma.

Siku hiyo nilisimama kusoma kifungu. Kitabu kilisema kwamba mama alinituma dukani kununua sukari. Nikasoma hivyo hivyo kilivyosema.

"Kununua nini?"

"Sukari, mwalimu."

"Hapa si kwa nyanya yako. Hii ni Kiswahili. Shukari!"

Nikatazama kitabu. Herufi zilikuwa pale, s halafu u, hakuna kitu katikati. Nikafanya kosa la kumwambia.

"Mwalimu, hapa hakuna h."

Nikapata viwili vya sukari na viwili vya mdomo, kisha nikapandishwa juu ya dawati nikae hapo mpaka kengele ilie. Darasa zima lilicheka. Watoto ambao hata mmoja wao hakuweza kusema shamba walinicheka mimi. Kwa muda wote uliobaki wa shule ya msingi waliniita Sukari, na walilitamka kwa s, mbele ya mwalimu huyo huyo, bila kuguswa.

Baada ya hapo niliufunga mdomo. Sisemi hivi kwa kujipamba. Niliogopa Kiswahili kama vile mtu aliyeungua anavyoogopa jiko. Nikitumwa dukani nilinyoosha kidole, nikasema, "Nipimie ile." Muuzaji akiuliza ile gani, ninanyoosha tena. Kanisani nilikataa kusoma somo mpaka mama akadhani nimeingiwa na pepo. Siku moja, nikiwa shule ya upili, nilikuwa nikirudi kutoka Kisumu mjini, nikamwambia kondakta kwamba nasuka Kisian. Akaniuliza, mbele ya abiria wote, "Unasuka nani, na kichwa kiko wapi?" Sikufungua mdomo tena. Nilipitishwa kituo, nikarudi kwa miguu juani, nikilia kwa hasira. Sikuwa na hasira na kondakta. Alikuwa akitafuta kicheko tu, kama watu wa kazi yake.

Sauti yenyewe ya sh nilifundishwa na samaki. Mama alikuwa na kibanda cha kukaanga samaki kando ya barabara, na kila jioni nilikaa karibu na karai. Ngege, samaki wetu wa ziwani, akiingia kwenye mafuta moto anasema shaaa. Nilikuwa nikimwiga, chini kwa chini, mama akigeuka ninanyamaza. Nilimwiga miezi mingi mpaka ulimi ukajua pa kulala. Nikafurahi mno. Sasa nilikuwa nayo, na kwa kuwa nilikuwa nimechapwa kwa kukosa kuitia, niliitia kila mahali, kama mwalimu wangu. Shukari. Shamaki. Shoko la Kombewa. Mtihani wa kidato cha nne nilipita vizuri, kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayekusikia.

Nikaamua kuwa mwalimu wa Kiswahili. Mama alinitazama kama mtu aliyesikia nataka kuolewa na mamba.

"Nyara," aliniambia, kwa kuwa mimi ni binti yake na hivyo ndivyo alivyoniita, "hii Kiswahili imekukula tangu ukiwa mdogo. Si ufundishe hesabu? Hesabu haina sida."

"Nataka Kiswahili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kilinichapa."

Hakunielewa. Hata mimi sikuwa nimejielewa vizuri. Nilijua tu kwamba kuna mlango niliofungiwa usoni na kwamba ningeupiga mpaka mkono uvimbe.

Chuoni, katika wiki za mwanzo, tulifundishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja mbele na wengine wakijifanya wanafunzi. Mkufunzi wetu alikuwa mama wa makamo, wa familia ya Kiislamu ya hapo Kisumu mjini, ambaye babu zake walitoka Pwani. Nilipanda mbele na somo langu la sokoni. Nikasema shokoni tunanunua shamaki, na shukari, na shabuni. Nilisikia vicheko vikianza nyuma. Nikajua yale yale yanarudi. Mkufunzi hakucheka. Alisubiri nikamaliza, akaniita kando.

"Nani alikufundisha kusema shukari?"

"Mwalimu wangu wa darasa la tano."

"Ni sukari, binti yangu. Imekuwa sukari siku zote."

Miaka yote hiyo! Nilikuwa sahihi. Mtoto wa darasa la tano alikuwa sahihi, kitabu kilikuwa sahihi, na mtu pekee aliyekosea ndiye aliyekuwa na kiboko. Sikulia. Nilienda nyuma ya bweni, nikaokota jiwe, nikalirusha ukutani, nikaokota lingine. Mlinzi alikuja kuuliza kama kuna nyoka.

Mkufunzi alikuwa amenipa na onyo. Alisema hatampitisha mtu atakayewapa watoto Kiswahili kilichovunjika. Nikienda mazoezi ya kufundisha kabla sijatenganisha s na sh, atanirudisha nyumbani, na cheti nikisahau. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekuonyesha shimo barabarani.

Hapo nikagundua ukubwa wa uharibifu. Asiyejua sh anajifunza sh, basi. Mimi nilikuwa nimeharibiwa maneno yote ya lugha, moja moja. Kila nilipofungua kinywa nilikutana na neno lenye s na sikujua kama ni lake au ni la kiboko. Sindano au shindano? Yote mawili yapo. Saba au shaba? Kisa au kisha? Ningemwambia mtoto akoshe sahani na kumbe nimemwambia akose.

Nilirudi likizo, nikachukua mkaa wa mama, nikaandika kwenye mabati ya kibanda. Upande wa kushoto s, upande wa kulia sh, na kamusi ya kuazima mapajani. Kila siku maneno kumi, mchana kutwa, huku nikiparua magamba. Mvua ikinyesha yanafutika, ninaandika upya. Nilipokosea nilijitukana kwa sauti. Wateja walidhani nimerukwa na akili. Baadaye wakaanza kushindana. Dereva wa lori la Busia alikuja siku moja, na akingoja samaki wake akaelekeza kidole kwenye mabati.

"Madam, serikali iko wapi?"

"Kushoto."

"Na sheria?"

"Kulia."

"Ndio maana hazipatani," akasema, wenzake wakaangua kicheko, na mimi pia nikacheka, kwa mara ya kwanza katika mambo ya herufi hizo.

Lakini msinielewe vibaya, haikuwa kazi ya kufurahisha. Ilikuwa ya kudhalilisha. Wenzangu walikuwa wakisoma ushairi na mimi nilikuwa nikijifunza kusema sabuni. Usiku niliota nimesimama mbele ya darasa na kinywa kimejaa magamba. Nilipozungumza nilitua kabla ya kila neno, nikalipima, ndipo nikalitoa, hata watu wakadhani nina kigugumizi. Mara mbili nilifunga mzigo niache chuo. Mara ya pili nilifika nao nyumbani, mama akanikuta nikiufungua. Hakunibembeleza. Alisema, "Rudi tu. Hapa kibanda ni ndogo, sisi wawili hatutosi." Aliposema hatutosi nilitaka kumrekebisha, nikajizuia. Mama yangu alikuwa na haki ya kusema vile alivyotaka. Hakuna aliyekuwa amemlipa mshahara afundishe watoto.

Nilipangiwa mazoezi katika shule moja ng'ambo ya Kombewa. Mkufunzi alikuja, akaketi nyuma na kitabu chake. Katikati ya somo nikasema shababu. Nililisikia likitoka. Wakati mwingine ningekufa hapo hapo. Nikageuka ubaoni, nikaandika sababu, nikawaambia watoto, "Nimekosea. Ni s. Niliharibiwa neno hili nikiwa na umri wenu, na bado linanitoroka. Tuliseme wote." Tukalisema. Hakuna aliyecheka. Nikaendelea mpaka kengele.

"Ulipojirekebisha," mkufunzi aliniambia baadaye, "ndipo nilipokupitisha."

Baada ya miaka kadhaa ya kazi huku na huku, nilihamishiwa shule ile ile niliyosomea. Na mwalimu yule wa darasa la tano alikuwa bado yupo, mvi kichwani, ameketi karibu na dirisha la chumba cha walimu. Siku ya kwanza alisimama akanishika bega mbele ya kila mtu.

"Mnaona huyu? Mimi ndiye nilimnyoosha. Shisi walimu wa zamani hatukuwa na mchezo. Hii Kiswahili mnasikia ni ya hii mikono."

Walimu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai ya moto mkononi, na Mungu anajua nilifikiria kukifanyia nini. Niliinywa tu. Baadaye nilimpelekea kamusi, nikaifungua palipoandikwa sukari, nikaiweka mbele yake bila neno. Aliitazama kidogo. "Hiyo ni ya vitabu," akasema, akaifunga. Kila mzazi mgeni alipofika aliambiwa hadithi ya viboko vyangu, na kila mara ilikuwa hadithi ya kuchekesha yenye mwisho mwema. Hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo. Mtu anakuvunja mguu, unatambaa, unajifunza kutembea upya, halafu unamkuta njiani anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kutembea.

Mwaka jana alistaafu. Lilisimamishwa hema uwanjani, wazazi wakachinja, soda zikaja kwa mkokoteni. Niliombwa niseme mawili matatu, nikakataa. Nikakaa mstari wa mbele na walimu wenzangu, nimekunja mikono.

Alisimama na karatasi. Akasogea mbele, akarudi nyuma hatua moja. Mtu huyu, aliyekuwa simba wa darasa, aliogopa kipaza sauti. Alianza na "Shiku ya leo," na walimu vijana nyuma yangu wakaanza kucheka chini kwa chini. Akasikia. Akasoma mstari uliofuata polepole, akitua kabla ya kila neno, akilipima. Niliijua ile namna ya kutua. Nimeishi nayo. Kumbe kamusi ile aliisoma, na hakuwahi kuniambia.

Akafika mahali ambapo kila anayestaafu hufika. "Na kama yuko mtu yeyote niliyemkosea katika kazi hii, naomba..."

Akakwama. Midomo yake ilianza kutengeneza sh, ikaacha, ikaanza tena. Vicheko vikapanda. Akainua macho, akatafuta katika viti, akanipata.

"Madam," akasema, na kipaza sauti kikalipeleka swali uwanja mzima, "hii ni s ama ni sh?"

Sikumjibu. Nilimwacha asimame. Ningependa kusema nilikuwa nikifikiria, lakini sikuwa nikifikiria chochote. Nilikuwa na hasira na hasira ilikuwa tamu, na nilitaka uwanja mzima umtazame. Ukamtazama. Kijana mmoja nyuma yangu akaiga, "Mshamaha, mshamaha," wenzake wakakanyaga chini kwa kicheko. Kicheko kile nilikijua pia. Nikasimama, nikawageukia.

"Nyamazeni! Nani kati yenu amewahi kuuliza?"

Wakanyamaza. Nikamgeukia yeye.

"Ni s, Mwalimu. Msamaha. Sema tena, usiharakishe."

"Msamaha," akasema. "Naomba msamaha."

Alilisema vizuri kabisa. Watu wakapiga makofi, wake kwa waume, na wengine wakanitazama wakingoja nami nipige. Nikaketi na mikono yangu nikaiweka mapajani. Neno nilimpa. Msamaha wenyewe bado sijampa.