Kofi la Mzee Kabiru

Watu wa kijiji cha Bahati wanamjua Mzee Kabiru kwa ubishi, kwa masikio yanayosikia anachotaka tu, na kwa kofi. Si kwamba amewahi kumzaba mtu. Alizabwa yeye, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini, akiwa kijana wa kuchunga mbuzi kule Murang'a, na tangu siku hiyo hajalinyamazia. Mtembelee uone. Chai haijamiminwa na tayari umeshasikia jinsi Mzungu alivyowakusanya watu wote katika kijiji kimoja chenye mtaro, ua wa miiba na geti moja tu. Jinsi Kabiru alivyochelewa jioni moja akitafuta mbuzi aliyepotea. Na jinsi homugadi, mmoja wa vijana wetu wenyewe waliopewa bunduki wamlindie Mzungu geti, alivyompiga kofi la kumwonyesha nyota kabla hazijatoka.

"Si uchungu wa shavu," husema. "Shavu lilipona. Ni kwamba mama alikuwa amesimama pale anaangalia, na mimi sikufanya kitu."

Hapo mgeni hujifanya anapuliza chai.

Uhuru ukaja. Watu wakachanga, shamba la mlowezi likanunuliwa, Kabiru akapata kipande chake Bahati, akaoa, akazaa, akazeeka. Wenzake walidai ardhi, wakadai fidia kutoka Uingereza. Yeye alidai hayo yote, na juu yake akadai kumrudishia yule homugadi kofi lake. "Nikimpata nampa," alikuwa akisema, "hata nikimkuta ndani ya jeneza." Wajukuu wakicheka, anawatupia fimbo.

Sasa, Jumamosi moja mwaka huu, mjukuu wake Lynn alikuwa analetewa mahari. Kijana mwenyewe anaitwa Thuo, daktari wa ng'ombe, mpole, na familia yao inakaa Milimani, kule kwa miti mikubwa na mbwa wenye daktari wao. Rahab, mama yake Lynn, alikuwa ameleta tenti, wapishi na kijana wa maikrofoni asiyejua kunyamaza. Na kwa desturi yetu, wageni wa mahari hawaingii hivi hivi tu. Geti linafungwa. Wanawake wa upande wa kijana wanaimba nje wakiomba kufunguliwa, wa ndani wanawajibu kwa kuwakejeli, mpaka mzee wa boma aridhike. Mzee wa boma ni Kabiru. Aliwekewa kiti hapo getini, akavishwa koti jipya, akapewa kazi moja tu: akiitikia kwa kichwa, geti lifunguliwe.

Wageni wakaimba mpaka vitambaa vikalowa jasho. Kabiru alikuwa karibu kabisa kuitikia kwa kichwa. Ndipo mzee mmoja kule nje, aliyechoka kusimama juani, akapaza sauti.

"Fungua hilo geti! Watu watasimama hapa mpaka lini?"

Kabiru akaruka kitini. Masikio yale yale ambayo huwa hayamsikii Rahab akimwambia aoge yakasimama wima.

"Nani amesema hivyo?"

"Ni guka, babu yake Thuo," Lynn akajibu. "Mzee Nicodemus."

"Mwambie aongee tena."

"Guka, jamani! Watu wako juani."

"Aongee!"

Mzee Nicodemus hakuhitaji kubembelezwa. "Nimesema fungua! Kwani sisi ni ng'ombe?"

Kabiru akajikokota, akabandika jicho kwenye tundu la geti. Huko nje kulikuwa na mzee mrefu wa miaka tisini na ushee, kofia kichwani, suti ya kijivu, kidevu juu.

"Wewe ulikuwa homugadi Murang'a," Kabiru akasema.

Nyimbo zikakatika. Hata kijana wa maikrofoni alinyamaza.

Nicodemus akakohoa. "Nilikuwa. Kwani?"

"Ulinizaba kofi getini."

"Nilizaba wengi, mzee. Wewe ni yupi?"

Lo! Hilo lilimuuma kuliko kofi lenyewe. Miaka yote amekula na mtu huyu, amelala naye, amezeeka naye kifuani, na mwenyewe hata hamkumbuki! "Geti halifunguki," Kabiru akatangaza. "Mbuzi warudi Milimani. Lynn atapata mwingine."

Lynn akaangua kilio, vipodozi vyote vikamtiririka. "Guka, mimi nampenda Thuo! Hilo kofi si langu!"

Rahab akapiga magoti. Pilau ikaanza kushika chini. Wazee wa pande zote mbili wakashauriana kupitia tundu la geti, maana kwenye mahari kila kosa lina faini yake, na faini ni mbuzi. Wakasema kofi ni mbuzi mmoja. Kabiru akakataa. Wakasema wawili. Akakataa.

"Mbuzi ninao," akasema. "Nataka shavu."

"Basi niingizeni mimi peke yangu," akasema Nicodemus. "Njaa inauma."

Akaingizwa. Akavua kofia, akavua miwani, akampa Lynn amshikie, akainama. "Ni la kulia au la kushoto?"

Kabiru akainua mkono. Kumbe mkono wenyewe ndio wa kushikia fimbo! Akayumba, na Nicodemus akamdaka kiwiko asianguke. "Polepole, mzee. Jipange kwanza."

"Mama alikuwa anaangalia," Kabiru akasema, mkono ukiwa bado hewani. "Mama yangu, Wangechi..."

"Wangechi?" Nicodemus akainuka. "Yule mfupi, mwenye pengo? Wa nyumba ya karibu na geti?"

"Huyo ndiye mama."

"Ala! Kumbe wewe ndiwe kijana wake!"

Akakaa kwenye kiti cha Kabiru bila kukaribishwa, akafungua kamba za kiatu, akavuta soksi. Watu wakasogea. Juu ya mguu, kutoka kifundoni mpaka vidoleni, ngozi yote ilikuwa kovu.

"Asubuhi yake, baada ya hilo kofi lako, mama yako alipita pale na sufuria ya uji. Akajikwaa. Mahali tambarare, jiwe hakuna! Uji wote ukaishia hapa. Akaniambia, 'Pole sana, mwanangu. Tangu jana jioni macho yangu hayaoni vizuri.'"

"Na hukumshtaki?" Kabiru akauliza.

"Kwa nani? Nimwambie Mzungu kwamba mimi na bunduki yangu nimeshindwa na mama na uji? Nilisema nimekanyaga moto. Nilichechemea miezi! Faini ya huu mguu nani atalipa?"

Watu wakavunjika mbavu. Kabiru hakucheka. Kila alipolisimulia lile kofi jikoni kwa mama yake, mama alikuwa akikoroga chungu tu, kimya, mpaka akazikwa na ukimya wake. Na yeye miaka yote alidhani ni aibu aliyomletea.

Mkono ukashuka taratibu. Akainama kwa shida, akaligusa lile kovu kwa kidole, na machozi yakamtoka mbele ya wakwe bila kuyaficha.

"Fungueni geti," akasema.

Vigelegele vikapasuka, wageni wakaingia na mbuzi wao, Rahab akakimbilia sufuria. Kabiru aliitwa tentini mara tatu. Hakwenda. Alikuwa amevuta kiti kingine, ameketi goti kwa goti na Nicodemus.

"Uji ulikuwa unachemka, au ulikuwa umepoa kidogo?"

"Ulikuwa unachemka, mzee."

"Unachemka kabisa?"

"Kabisa."

"Haya," akasema Kabiru. "Anza tena. Anzia pale alipotoka mlangoni."