Nilibadilisha network settings za simu ya Bibi, kitongoji kizima kikajikuta Kenya

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, na mashahidi ninao wa kujaza kanisa. Sijaongeza chumvi. Asiyeamini apande milimani akaulize, njia nitamwelekeza.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda Hedaru, pembeni ya barabara kuu. Nabadilisha vioo, naweka betri, na-flash. Sasa ukishakuwa fundi simu, ukoo mzima unaamini una undugu na minara.

Dada yangu Namsifu anaishi Mwanza. Alijifungua mtoto wa kike, na akataka jina litoke kwa Bibi yetu, mama mzaa mama, anayeishi milimani juu ya Ndungu.

Mama yetu alishafariki. Aliitwa Namkunda. Bibi akatoa msimamo wake:

"Akifanana na mama yenu, nitampa jina la mama yenu. Asipofanana, nitamtafutia lake. Ila lazima nimwone."

Akatumiwa picha kupitia simu ya mwalimu mmoja aliyekuwa anapanda huko. Akaikataa.

"Picha haipepesi macho. Nataka nimwone anavyojinyoosha."

Wiki tatu mtoto hana jina. Kadi ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa Namsifu". Shemeji kaanza kumwita Bosi, na jina limeanza kuzoeleka. Dada akanipigia analia: "Kaka, mwanangu atakuwa Bosi hivi hivi, nenda ukarekebishe simu ya Bibi."

Nikafunga kibanda, nikazunguka mpaka Ndungu, nikapanda boda.

Nilimkuta Bibi anachambua maharage.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja na mtandao?"

Hakuniuliza hata safari.

Simu yake ni smartphone, tena nzuri tu. Tatizo ni network. Inakamata E, ile 2G ya kinyonga, mstari mmoja, na huo mstari wenyewe unatulia juu ya banda la kuku tu. Ukitaka kuongea na Bibi unapiga, anakata, anapanda ngazi, ndipo anakupigia yeye. Ana miaka themanini na kitu.

Nikaanza kazi. Airplane mode, washa, zima. Wapi. Nikafuta APN, ile anwani ya intaneti, nikaandika upya. Wapi. Nikaweka LTE only, yaani 4G peke yake, hata ule mstari mmoja ukapotea, kuku nao wakawa wananiangalia.

Majirani wakasikia fundi kaja. Ndani ya saa moja nilikuwa na simu tisa mbele yangu kwenye ungo.

Hapa ndipo nilipokosea, wakuu, na nakiri.

Nikaingia Network operators, pale pa kuchagua mtandao, nikaondoa Automatic, nika-search. Ikaleta orodha. Mtandao wa kwanza siujui, ila simu inaonyesha mistari minne imejaa! Kwa furaha sikusoma vizuri. Nikauchagua. Nikaenda kwenye simu ya pili, ya tatu, zote tisa nikaziweka humo humo, nikazirudisha kwa wenyewe kama mtu anayegawa zawadi.

Dakika mbili tu, meseji zikaanza kuingia. Milio tisa kutoka pande zote za kilima.

Jirani wa Bibi, Mzee Elinami, ni balozi mstaafu wa nyumba kumi na mambo yote anayasoma kwa sauti. Akasimama katikati ya uwanja, miwani puani:

"KARIBU KENYA."

Kila mmoja akainamia simu yake.

Niwaeleze kwa wasioijua sehemu ile. Upande ule wa milima unatazama tambarare, na ng'ambo ya tambarare ni Kenya. Kwa hiyo mnara wa jirani unapiga kule juu bila kizuizi, kuliko hata wa kwetu uliojificha nyuma ya kilima. Ni roaming ya kawaida tu.

Mimi nalijua hilo. Mzee Elinami halijui. Na bahati mbaya mzee ana ugomvi wa mpaka wa shamba wa miaka mingi, kwa hiyo akisikia mpaka tu damu inachemka.

"Nilisema! Wale watu waliokuja na kamba za kupimia niliwauliza wanapima nini, wakanijibu barabara!"

Nikamwambia mzee, ni settings. Akanijibu, "Hata mkoloni alisema ni ramani tu."

Watu wakajaa. Mama mmoja akauliza ng'ombe wake yuko malishoni upande wa chini, sasa atarudi kwa kibali gani. Mwingine akataka kujua kama Jumapili watavuka kwenda kanisani kwa pasipoti, maana kanisa liko kilima cha pili na kule bado hawajapata meseji.

Kisha akaja mwenyekiti wa kitongoji, mama mkakamavu sana, na muhuri wake kwenye pochi. Huyu hakupiga kelele. Alinivuta pembeni akaninong'oneza:

"Mwanangu, niambie ukweli. Huu muhuri bado unafanya kazi?"

Nilitaka kucheka, ila macho yake yalikuwa yanalengwa na machozi. Nikamwambia unafanya kazi, mama. Akaugonga kwenye kiganja chake kuhakikisha.

Na kwa taarifa yenu, pamoja na mistari minne, data hakuna. Bando letu halivuki. Kelele zote zile na mtoto Bosi bado hana jina.

Nikakusanya simu moja moja, nikarudisha Automatic. Nchi ikarudi. Mzee Elinami alidai ya kwake niirudishe mbele ya mwenyekiti.

Ndipo nikatulia nikafikiri kifundi. Simu ilikuwa inaruka kutoka 4G ya mbali kwenda 2G na kurudi, haitulii. Nikaifungia kwenye 3G only, nikamshika Bibi mkono tukapanda shamba la juu, kwenye migomba, pale panapoonekana Ndungu chini na mnara wake. Mistari mitatu. Yetu kabisa.

Nikapiga video. Ikaunga!

Namsifu akamleta mtoto karibu. Mtoto akajinyoosha, akapiga mwayo, jicho moja kafumba. Hapo hapo picha ikaganda.

Nikataka kukata nipige tena. Bibi akanishika kiganja.

"Acha."

Akaiangalia ile picha iliyoganda muda mrefu sana. Majirani wote nyuma yetu wakarefusha shingo.

"Mama yenu alikuwa anapiga mwayo hivi," akasema. "Jicho moja analiacha mlinzi."

Akasogeza mdomo kwenye simu kabisa.

"Aitwe Namkunda."

Na Mzee Elinami, ambaye muda wote alikuwa hatua mbili nyuma akiikagua simu yake, akapaza sauti: "Hii bado inasema Kenya!" Ilikuwa ile meseji ya zamani, hajaifuta. Simu ya Bibi ikakata.

Jioni Namsifu akatuma meseji: asante Bibi, tumeshaandika, jina zuri la kipekee. Tukafurahi. Hilo neno "kipekee" tukalipita tu.

Wiki iliyofuata akanitumia picha ya kadi ya kliniki.

NAMKUNDA KENYA.

Nilimpigia Bibi kwa woga. Akafikiri kidogo.

"Kuna watu wanaitwa Shida, wengine Jumanne. Kenya lina kosa gani?"

Nilichojifunza, wakuu: mkiwa karibu na mpaka, msiguse Network operators bila kusoma jina la mtandao mpaka mwisho. Mistari mingi siyo data. Anzeni na network mode, jaribuni 3G only, na tafuteni sehemu inayotazama mnara wenu.

Wajuzi wa minara na waliowahi kuhamishwa nchi na simu zao, karibuni mchangie. Ila wa kuniambia "zima halafu washa" apite kimya kimya. Nilizima na kuwasha mpaka Bibi akaniuliza kama simu inaumwa degedege.