Mto wa Mativo na Taarifa ya Saa Saba

Katika mtaa wa Shauri Moyo wa miaka ile ya themanini, mtu aliyetaka kujua ni waziri gani anakaribia kufutwa hakuhangaika na gazeti. Alikwenda kwenye karakana ya Thuo, seremala, akajifanya anatafuta stuli ya kununua.

Redio ya Thuo ilining'inia kwenye msumari juu ya benchi la randa. Ikifika saa saba mchana misumeno ilinyamaza yote, kwa sababu saa saba ndiyo saa ambayo mawaziri wenyewe, wakiwa mezani na kijiko mkononi, walijua hatima yao pamoja na wauza mitumba wa soko la Gikomba. Hakuna aliyepigiwa simu mapema kuonywa. Siku ya mabadiliko majina ya mawaziri yalisomwa kwenye taarifa ya habari, na kama jina lako halikuwamo, dereva wako alitoka nje akaing'oa bendera kwenye gari, na yakawa yamekwisha.

Watu wa Thuo waliligeuza jambo hilo kamari. Kulitaja jina la waziri ovyo ilikuwa ni kujitafutia makubwa, kwa hivyo kila waziri walimbandika jina la fanicha. Mmoja aliitwa Kabati, mwingine Stuli, na mwenye mwili wake wakamwita Meza Kubwa. Mtu aliweka kuku, au viatu, au saa ya mkononi, akasema Stuli itavunjika mguu kabla ya Krismasi. Mwenzake naye akaweka chake, akasema haivunjiki. Askari akipita alisikia maseremala wakibishana juu ya mbao.

Mativo alikuwa dereva wa Meza Kubwa. Alikaa nyumba chache tu kutoka karakana, yeye na mkewe Wayua, katika chumba cha kupanga cha kanjo, baraza la jiji. Hakuweka dau hata siku moja, na akiulizwa habari za ofisini jibu lake lilikuwa lile lile: "Mimi naona barabara tu." Hakuwa akijidai. Mheshimiwa, huyo Meza Kubwa, ndiye aliyemtoa kwao Ukambani kwa hiari yake, bila barua yoyote ya kazi ya kudumu. Neno la Mheshimiwa ndilo lililokuwa kazi, ndilo lililolipa chumba, ndilo lililompeleka binti yao Nzembi chuo cha wauguzi. Neno hilo likigeuka, hapangekuwa na mahali pa kukata rufaa.

Sasa, madereva wa wakubwa walikuwa na desturi yao. Gari lilikuwa mali ya serikali, lakini mto wa kukalia ulikuwa wa dereva mwenyewe. Alikwenda nao siku ya kuanza kazi, na haukutoka garini mpaka siku mkubwa wake alipofutwa, naye akaachana na gari hilo. Wa Mativo ulikuwa na foronya ya uzi mwekundu aliyoifuma Wayua, na mtaa mzima uliujua.

Jumanne moja mjukuu wa Mheshimiwa alirukia kiti cha mbele na chupa yake ya maziwa, maziwa yakamwagikia mto. Kufika alasiri gari zima lilinuka maziwa yaliyochacha. Jioni Mativo aliuchomoa mto ule, akautia kwapani, akashika njia ya nyumbani. Mtu mwenye akili zake angeutia kwenye mfuko. Lakini Mativo, aliyeuchunga mdomo wake miaka yote hiyo, hakuwahi kufikiria kwamba kwapa nalo linaweza kusema.

Alipofika mbele ya karakana, randa zilisimama.

"Niaje, Mativo," Thuo alisema polepole. "Naona leo umetoka na mto."

"Unakwenda kufuliwa."

"Kufuliwa." Thuo akawatazama wenzake. "Sawa, mzee. Tumesikia."

Laiti angesimama hapo akawaeleza habari ya mtoto na chupa, pengine wangecheka, mambo yakaishia hapo. Lakini mambo ya nyumbani kwa Mheshimiwa hakuyatoa nje, hata maziwa. Akapita zake.

Kesho yake alfajiri Wayua alirudi kutoka bombani na ndoo ambayo haikujaa hata nusu.

"Baba Nzembi, huko bombani wanasema Meza Kubwa imekwisha. Wanasema ni wewe uliyesema."

"Mimi nimesema nini?"

"Ati umerudi na mto. Thuo ameweka kitanda cha Waithera."

Waithera alikuwa binti wa Thuo, na kitanda kile cha mvule kilikuwa cha arusi yake, kimechongwa maua kichwani, jasho la babake la miezi. Apondi, muuza samaki, ambaye hakukubali kuambiwa kitu na mwanamume yeyote, alikuwa amejibu kwa kuweka cherehani aliyoachiwa na marehemu mamake.

Mativo alikwenda mbio mpaka karakana.

"Thuo, ndugu yangu, ondoa kitanda. Mto umemwagikiwa maziwa, basi."

Thuo alitabasamu kama mtu anayebembelezwa na mtoto. "Maziwa. Hata mimi ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo."

"Naapa."

"Usiape, Mativo. Umetusaidia, na hatutakutaja."

Lakini alikuwa ametajwa zamani. Lusweti, mlinzi wa Mheshimiwa, alikuwa na dada yake mtaa wa Majengo, na kutoka Majengo hadi Shauri Moyo maneno hayahitaji nauli. Siku hiyo nzima ya Jumatano Mheshimiwa alikaa kiti cha nyuma bila kufungua faili wala gazeti. Kila Mativo alipotupa jicho kwenye kioo alikuta macho ya mzee yamemganda kisogoni. Aliogopa, na zaidi aliogopa kuonekana kwamba anaogopa.

Alhamisi asubuhi, wakiwa njiani kwenda ofisini, Mheshimiwa alisema, "Lusweti, shuka uninunulie gazeti." Mlinzi aliposhuka, mzee alijisogeza mbele.

"Mto wako uko wapi, Mativo?"

"Nyumbani, Mheshimiwa. Mtoto aliumwagia maziwa, mama Nzembi anaufua."

"Nyinyi madereva mnakutana mnakoegesha magari. Wale wa Ikulu wamekuambia nini?"

"Hakuna kitu, Mheshimiwa."

"Niambie tu. Sitakukasirikia."

Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. Mativo alikuwa amezoea kuisikia ikiamrisha na ikigomba, lakini kuomba, hapana. Alimwonea huruma, na kwa kitambo kidogo alitamani kweli angekuwa anajua jambo lolote ampe.

"Ni maziwa, Mheshimiwa," akasema tena, na yeye mwenyewe akasikia jinsi neno hilo linavyofanana na uongo.

"Geuza gari," mzee akasema. "Turudi nyumbani."

Huko nyumbani mke wa Mheshimiwa alikuwa ameshaanza kuteremsha picha ukutani. Tangu asubuhi simu zilikuwa zikilia na kukatika, kila mtu akisema ni leo. Ilipokaribia saa saba Mativo alikaa garini peke yake, akafungua redio. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na redio ya ndani ilisema maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Mabadiliko yalikuwapo kweli. Msomaji alianza kuyasoma majina, wizara moja baada ya nyingine, bila haraka. Kabati hakutajwa. Stuli alihamishwa. Mativo aliitazama bendera ndogo mbele ya gari na midomo yake ikaomba bila sauti.

Kisha jina likasomwa. Jina la Mheshimiwa, na wizara yake ile ile.

Ndani mtu alipiga kelele ya furaha. Mativo aliinamisha kichwa juu ya usukani akalia machozi. Chumba kimepona. Nzembi amepona. Alijifuta haraka kwa kofia, akatoka, akasimama wima kando ya mlango wa gari.

Mheshimiwa alitoka akicheka, akampa mkono Lusweti, akampa mkono mtunza bustani. Alipofika kwa Mativo kicheko kilipungua.

"Leta ufunguo."

"Mheshimiwa, umebaki."

"Nimebaki, ndiyo." Mzee aliangalia chini. "Lakini tangu jana nimekaa nyuma yako nikiisikiliza shingo yako kama redio. Siwezi kurudi pale tena, Mativo. Huna kosa labda. Ila siwezi."

Mativo alimwekea ufunguo kwenye kiganja, akatoka kwa miguu. Njia nzima mkono wake wa kulia ulikuwa ukitafuta mahali pa kushika.

Kwenye kona ya Shauri Moyo alipishana na mkokoteni. Kitanda cha Waithera kilikuwa juu yake, maua yake yakitazama juu, na Apondi akitembea pembeni bila kumwangalia mtu. Thuo alikuwa amekaa kwenye benchi lake, redio imezimwa.

"Ulituuza, Mativo," alisema.

Akapita.

Wayua alimwona kutoka mbali, akatoka mlangoni akicheka peke yake. Wiki hiyo hakuwa amecheka.

"Baba Nzembi, nimelisikia jina kwa masikio yangu haya. Nilijua Mungu hatatuacha. Na amekuruhusu mapema, ni furaha hiyo." Aliingia ndani, akatoka na mto umepigwa pasi, foronya nyekundu ingali na joto. "Harufu imetoka kabisa. Uweke karibu na viatu, kesho usiusahau."

Mativo aliupokea kwa mikono miwili, akauweka karibu na viatu.