Kuitwa Mlangoni mwa Kanisa Lisilo na Paa

Baharia aliingia kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, pale Point, karibu na bandari ya Durban, akihema, simu mkononi, kioo kimepasuka hadi hakionyeshi kitu. Nilikuwa nakula, na mimi nikila sipendi kusumbuliwa, kwa hiyo nilimwonyesha kiti kwa kidole tu. Hakuketi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini Kihispania chake kilielewana na Kireno nilichookota nilipokaa Msumbiji, njiani kuja huku.

Alitoka Paraguai. Nilimtania kwamba sijawahi kuona baharia wa nchi isiyo na bahari. Akatabasamu kidogo, kisha akanieleza shida yake, nami nikasukuma sahani pembeni.

Kijiji chao ni kidogo, kando ya magofu ya misheni iliyojengwa na mapadri zamani za ukoloni: kuta za mawe mekundu na kanisa lisilo na paa. Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu wao, bibi mmoja husimama mlangoni mwa kanisa hilo na kuwaita kwa majina watoto wote wa kijiji walio mbali. Ni lazima mtu aitikie kwa sauti yake mwenyewe. Siku hizi hata kwa simu wanakubali. Asiyesikika miaka mitatu mfululizo, jina lake linahamia kwenye sala ya marehemu. Yeye alikuwa amekosa mara mbili, meli ikiwa katikati ya maji pasipo mtandao. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa siku hiyo, misa kule imeshaanza, na simu ilimponyoka kwenye ngazi ya meli asubuhi. Namba ya mama yake ilikuwa humo ndani. Kichwani hakuwa nayo.

"Mama yangu amesimama pale," alisema. "Atasikia wananiombea kama maiti."

Damu ilinichemka. Nilipekua sanduku la simu mbovu ninazozitunza kwa ajili ya spea, nikapata moja ya aina yake, nikang'oa kioo chake na kukifunga kwenye simu ya baharia. Kikawaka kijani kitupu. Nilitukana kwa Kiswahili, na nadhani alinielewa vizuri tu. Nikafungua tena, nikasafisha pale waya unapoingia, nikabana. Safari hii ikaja picha, na majina yote aliyoyahifadhi, na mimi nikaruka kama nimeshinda bahati nasibu.

Kelele zangu zilimleta mama wa saluni ya jirani, Mkongomani mwenzangu, pamoja na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa. Baharia akapiga kwa video. Mama yake akatokea, analia na kucheka kwa pamoja, akageuza simu ili tuone. Jamani! Udongo mwekundu, majani yameota juu ya kuta, kuku wanapita palipokuwa madhabahu, na chini ya ukuta wanawake wanamenya mihogo. Kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, misheni ya mapadri ilibaki gofu vilevile, na tulimenya mihogo kwenye kivuli cha ukuta wake. Nilifurahi hadi nikamshika mteja wa watu mkono. Mama wa saluni akataka kujua majani ya mihogo, sombe yetu, wao wanayapikaje. Baharia akajibu hawayali, wanayatupa.

"Sombe banatupaka?" mama wa saluni akasema. "Eish, hawa batu tubaombee."

Tulikuwa bado tunacheka bibi alipomwita. Baharia akasimama wima akaitikia kwa sauti iliyowageuza wapita njia, na kule kijiji kizima kikapiga makofi. Mama yake aliketi palepale chini.

Kisha bibi akauliza ni nani aliyeitengeneza simu. Baharia akanielekezea kidole, akaniuliza jina langu. Hapa Durban wote wananiita Fundi. Sijui kwa nini nilitaja lote, hadi la babu. Kijijini kwetu vita vilitutawanya. Kwenye ule ukuta wa kwetu hakuna aliyebaki wa kumwita mtu.

Bibi akarudi mlangoni, akavuta pumzi, akaliita jina langu lote, polepole, hadi la babu. Kisha akangoja, na watu wake wote wakangoja naye.

Mama wa saluni akanigusa bega. "Dada, banakuita."

Nikasimama wima kama alivyosimama baharia. Nikaitikia.

"Niko."