Bendera Iliyofika Kliniki

Muuguzi huyu alikuwa na miaka kumi na minne ya kupita barabara ile ile, asubuhi kwenda kliniki ya macho, jioni kurudi, na wenzake walimwita Mama Mashimo. Wala si kwa ubaya. Mashimo yote aliyajua kwa majina aliyoyabatiza mwenyewe: kulikuwa na Shemeji, ambalo lazima ulipishe kwa heshima, na kulikuwa na Mwenye Nyumba, ambalo hata ukijifanya umelisahau, lenyewe litakukumbusha. Basi siku katapila lilipoteremshwa ili kazi ya lami mpya ianze, alipiga vigelegele peke yake garini mpaka dereva wa pembeni akapandisha kioo.

Kazi ilikula nusu ya barabara, kwa hiyo magari yakawa yanapita kwa zamu. Katikati palikuwa na kona kali, na washika bendera wa ncha mbili hawakuweza kuonana. Wakaweka utaratibu wao: gari la mwisho la kila zamu linapewa bendera nyekundu, dereva anaikabidhi upande wa pili, ndipo upande huo unaruhusiwa. Bila bendera mkononi hafunguliwi mtu, awe nani. Walikuwa wamekoma siku malori mawili yalipokutana uso kwa uso pale konani.

Asubuhi hiyo Mama Mashimo alikuwa hakaliki. Mama yake mzazi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho jana yake, baada ya miaka saba ya kuona ukungu mtupu, na saa tatu daktari angemfungua bandeji. Daktari mwenyewe alikuwa wa kupita tu. Saa nne angeondoka, na asingerudi mpaka mwezi ujao. Mjomba ndiye angemleta mgonjwa, na Mama Mashimo akatangulia kufungua kliniki. Alipopewa bendera kama gari la mwisho, aliirusha kiti cha nyuma akaendelea kuimba. Kule mwisho mshika bendera alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Mama Mashimo akampigia honi ya furaha, akampungia mkono, akapita kabla hajainua kichwa.

Saa tatu ikafika, mgonjwa hakuna. Saa tatu na robo, hakuna. Daktari akaanza kuitazama saa yake. Ndipo simu ikaita.

"Mjomba, mko wapi? Daktari anaondoka!"

"Tumekwama huku kwenye matengenezo, mwanangu. Pande zote mbili zimefungwa. Kuna gari jeupe limepotea na bendera. Wanasema limetumbukia mtaroni, watu wanalitafuta. Mama yako yuko hapa anamwombea huyo dereva, maskini."

Mama Mashimo akageukia dirisha, akalitazama gari lake jeupe pale uani.

"Mjomba, mwambie mama apumzike kuomba. Huyo dereva ni mimi."

Mjomba akacheka mpaka akapaliwa.

Kwa daktari hakukuwa na pa kujificha, akamwambia yote. "Na hata wewe huwezi kuondoka, daktari. Njia yako ni hiyo hiyo."

Daktari alimkodolea macho. Halafu akachukua mkoba wake na glavu. "Twende wote," alisema. "Dereva wangu atanifuata."

Waliipita foleni kwa pembeni, bendera ikipepea dirishani, na madereva wakawazomea kwa honi. Mshika bendera alipowaona alishika kichwa.

"Dada! Uko hai? Tumekutafuta mpaka ndani ya makaravati ya kupitishia maji!" Uso wake uling'aa, kisha hasira zikamrudia. "Haya, leta. Zamu ni ya foleni hii. Wewe nenda nyuma."

"Kaka yangu, nimekosa. Nimekosa kabisa. Mama yangu yuko upande ule na jicho limefungwa, na daktari wake ndiye huyu."

Dereva wa lori aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akachomoza kichwa. "Mpishe apite na bendera yake! Ila mtu aishike, asije akaenda nayo nyumbani."

"Nitaishika mimi," alisema daktari, na akaishika kwa mikono miwili njia nzima.

Gari la mjomba lilikuwa la mbele kabisa upande ule. Daktari alikabidhi bendera, akasafisha mikono, akavaa glavu, akaingia kukaa karibu na mgonjwa. Bandeji ikatoka taratibu. Mama mtu mzima akapepesa jicho, likamlengalenga machozi. Akalitazama katapila. Akaitazama lami mpya, nyeusi, inayong'aa. Mama Mashimo alisimama mlangoni mwa gari, akisubiri na yeye atazamwe.

Mama akamvuta karibu, akamshika kichwa kwa viganja viwili kama alivyokuwa akimshika zamani akimsuka.

"Mwanangu," alisema polepole. "Kumbe na wewe umeota mvi. Na hakuna aliyeniambia."

Mshika bendera alikuwa tayari anawaashiria wapite. Mama hakumwona. Alikuwa ameanza kuzihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, na foleni nzima nyuma yao ikasubiri.