Mkwe Aliyekataa Miraa Yangu

Sitaficha: siku ya kwanza nilimfukuza.

Walikuja kwangu Laare kutoka Embu, yeye, baba yake na wazee wawili, kumposa binti yangu. Walileta kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, vile desturi yetu inataka. Baba wa msichana akikifungua na kutafuna pamoja na kijana, maneno ya ndoa yameanza. Akikirudisha, yamekwisha.

Nilikifungua. Nikachagua kijiti kizuri, chekundu, nikampa kijana. Alikuwa mtu mpana kama mlango, sikio moja limekunjamana kama uyoga. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka magotini.

"Mzee, nisamehe. Siwezi kutafuna. Kazi yangu ni raga, na baada ya mechi wanatupima mkojo. Wakiipata miraa, nafungiwa kucheza."

Ndugu yangu alicheka hadi akashika ukuta. "Mkojo! Hiyo ni kazi ama ni wodi?"

Mimi sikucheka. Nilisoma hadi darasa la tatu, nikaanza kwa kupanda miti ya miraa ya watu wengine, nikiwachumia. Hiyo miraa ndiyo ilijenga nyumba waliyokuwa wameketi ndani, na ndiyo ilimsomesha binti yangu mpaka akawa mwalimu. Sasa mtu anakuja kumchukua, halafu ananiambia jasho langu ni uchafu? Nilifunga kile kifurushi nikamrudishia baba yake.

Binti hakulia. Ni wangu huyo. Alisema, "Baba, umemwaibisha mbele ya baba yake. Jumamosi anacheza Embu. Njoo uone, halafu ukatae ukiwa umeona."

Nilienda. Ndugu yangu sikumwambia.

Mchezo wenyewe sikuuelewa. Wanataka kwenda mbele, lakini mpira wanarusha nyuma. Wanaume wanamlalia mmoja mpaka unajiuliza kama kuna mtu huko chini, na mara nyingi huyo wa chini alikuwa yeye. Kila akizikwa, nilijikuta nimesimama.

"Keti, Baba," binti alisema. "Ataamka."

Filimbi ya mwisho ilipolia, mtu mwenye kitambulisho kifuani alimfuata kijana. Hakumwacha hata hatua moja. Tuliwakuta kwenye benchi nje ya chumba cha kubadilishia nguo, kijana anakunywa maji, damu imekauka kwenye nyusi.

"Wewe," nikamuuliza yule mtu, "mbona unamlinda? Ameiba?"

"Nangoja mkojo wake, mzee."

"Na usipotoka?"

"Nitangoja."

Haukutoka. Jasho lilikuwa limeumaliza wote uwanjani. Alienda chooni, yule mtu nyuma yake, wakarudi bure. Wakaenda tena, wakarudi. Mtu mzima, anaangaliwa akikojoa kama mtoto wa nasari! Mimi ningepiga mtu.

"Mtu akitafuna miraa, inaonekana?" nikauliza.

"Inaweza kuonekana."

"Hata kijiti kimoja?"

"Siwezi kukuambia vingapi ni salama, mzee. Mwenye kutaka kazi yake haonji."

Kijana aliangalia chini. "Mzee, aibu umenikuta hivi."

"Kunywa maji," nikamwambia. "Hii kazi utaifanya mpaka lini?"

Alinyoosha mkono. Vidole viwili havikunyooka. "Mwili ukinikubali, miaka mitano. Ndiyo maana siwezi kuichezea hata siku moja."

Watu wa kuuza mayai walikuwa wameshaondoka uwanjani aliposimama mara ya tatu. Safari hii alikawia. Alirudi akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule mwingine ulikuwa umevimba.

"Umetoka?" nikauliza.

"Umetoka, Mzee."

Binti alikuwa akiniangalia mimi, si yeye.

"Mwambie baba yako arudi kwangu na kifurushi kingine," nikasema. "Kile kimekauka."

"Na kutafuna, Mzee?"

"Sehemu yako nitatafuna mimi. Na ndugu yangu akicheka, mimi ndiye nitamfukuza."