Mabomba ya Pikapu ya Mume Wangu

Mume wangu wa kwanza alikuwa na pikapu kuukuu ya wakati wa mkoloni, aliyoinunua kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akihama. Aliipenda kuliko alivyonipenda mimi, na sisemi hivi kwa utani. Mvua ikinyesha, pikapu ilifunikwa turubai na mimi nilitumwa kuni. Tulikaa Kisarawe. Yeye alibeba mihogo na mkaa kupeleka Dar es Salaam, na kila aliporudi alitaka kunikuta nyumbani, maji ya kuoga yakiwa moto, na mimi nikiwa sijui lolote zaidi ya nilivyojua asubuhi.

Hapo ndipo penye kisa chetu. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, na serikali ilikuwa imetaka kila mtu mzima asiyejua kusoma aende kisomo. Darasa letu wanawake lilikuwa mchana, katika chumba cha shule ya msingi, watoto wakishatoka. Mbele ya balozi wa nyumba kumi mume wangu alisema hilo ni jambo jema sana, mke wake hatakosa. Tulipofika nyumbani akafunga mlango. "Humu ndani msomaji ni mmoja, na anatosha," akaniambia. "Siku nikikukuta huko utanitambua." Yeye alikuwa amesoma hadi darasa la nane, na jioni aliwasomea majirani gazeti kibarazani kwa sauti ya mtu anayehutubia. Sauti ile naichukia hadi leo ninapoandika.

Nilikwenda kisomo hata hivyo. Kilichonipa ujasiri ni ubovu wa pikapu yenyewe. Kile chuma kinachokusanya moshi wa injini kabla haujaingia kwenye ekzosi, mafundi wanakiita menifodi, kilikuwa kimepata ufa, na gari likipanda kilima kutoka Pugu lilinguruma hadi kuku wakatawanyika. Likiwa bado mbali wenzangu waliniambia, "Shoga, bwana wako huyo anapanda, kimbia!" Nilijifunga khanga vizuri nikatimua mbio, na aliponyamazisha injini uani mimi nilikuwa nimeshachutama jikoni napuliza moto, jasho langu likionekana ni la moto huo huo.

Namna hiyo nilijifunza irabu, kisha silabi, kisha neno zima. Nilisoma maandishi ya kwenye madebe, ya kwenye magunia, ya kwenye khanga za wanawake waliopita mbele yangu. Nilikuwa na furaha ambayo ndoa haikunipa hata siku moja.

Ufa ule ukazidi. Moshi ukaanza kuingia ndani kwa dereva, naye akawa anarudi nyumbani akikohoa, macho mekundu. Siku moja akasema, "Jiandae, tunakwenda Kibaha kwa fundi." Nilidhani sikusikia sawasawa. Tangu arusi hakuwa amenipeleka popote, hata kwetu Mlandizi kwenye msiba nilipanda basi peke yangu.

Fundi alikuwa na kiwanja chake pale Picha ya Ndege, kando ya barabara, mabodi ya magari mabovu yamejaa mpaka mlangoni. Alifungua boneti, akashika ule ufa kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mzee, kupona hii haiponi," akasema. "Ninayo moja ya chuma, nimeitoa kwenye gari lililopinduka. Nzito, nzima. Nikikufungia hiyo, gari litanyamaza kabisa. Au nikutengenezee mabomba manne, yaje kuungana yawe moja. Injini itapumua, itapanda kilima vizuri. Ila kelele yake hiyo, mtaa mzima watakujua."

Mume wangu akanigeukia. "Chagua, mke wangu."

Mtu huyu hakuwahi kuniuliza hata mboga ya kupika. Nikichagua kile chuma, gari litakuja kimya na kusoma kwangu kutaishia pale pale. Nikajifanya mjinga, kazi niliyokuwa nimeizoea.

"Mabomba," nikasema. "Angalau ni mapya. Hicho kikuukuu kitapasuka tena."

Alinitazama, kisha akatabasamu. "Umesikia, fundi? Mama kachagua. Funga mabomba."

Kutwa nzima nilikaa juu ya tairi nikiangalia. Fundi alijaza mchanga ndani ya bomba ili lisibonyee, akalipasha moto hadi likawa jekundu, akalikunja taratibu kwa mikono miwili. Bolti za zamani zilikuwa zimekula kutu, mbili zikamkatikia ndani ya injini, ikabidi azitoboe. Mume wangu alikuwa mchangamfu siku hiyo, akaninunulia hata soda. Walipowasha injini, mlio ulinipiga kifuani, nami nikajizuia nisicheke. Njia nzima hadi Kisarawe nilikaa kando yake nikijiona mjanja.

Siku chache baadaye aliondoka mchana na shehena ya mkaa. Tulimsikia darasani akiteremka kuelekea Pugu, mlio ukafifia, ukaisha. Nikahamia benchi la mbele. Hakuna aliyekuwa akitega sikio tena, maana mabomba yale hata kiziwi angeyasikia.

Mlango ulifunguliwa. Alisimama pale, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Gari alikuwa ameliacha Pugu, akapanda kwa miguu kupitia kwenye mikorosho.

Mwalimu wetu, binti mdogo aliyetoka chuoni majuzi, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwalimu." Alikuwa mpole kabisa. Kisha akaniambia mimi, wenzangu wote wakisikia, "Watu waliniambia unakuja huku, sikuwaamini. Kule kwa fundi nikasema ngoja nimpime. Ulipochagua kelele, nikaamini." Ni nani aliyemwambia sijui. Ninao wawili ninaowashuku na wote wameshakufa, bahati yao.

Akaomba chaki. "Nitaandika maneno machache," akasema. "Ukiyasoma bila kukosea, haki ya Mungu sitakuzuia tena kuja hapa."

Mwalimu akampa chaki. Aliandika herufi kubwa, nzuri, zilizonyooka, kisha akasogea pembeni ili nione.

Nilisimama. Herufi nilizifahamu zote. Nikazifuata kwa kidole hewani, moja moja, kama tulivyofundishwa. Ni. Me. Ku. A. Cha. Nikavuta pumzi, nikaingia mstari wa pili. Ru. Di. Kwe. Nu. Hiyo "kwe" ilikuwa ikinishinda kila siku, na siku hiyo haikunishinda. Nilikuwa nimezikazania silabi hata maneno yenyewe sikuyasikia. Nikamgeukia mwalimu nikicheka, nikingoja anisifu, nikamwona ameziba mdomo kwa kiganja.

"Safi," akasema mume wangu. "Sasa yasome tena, upesi, kama mtu anayejua kusoma."

Nikayasoma tena.